Futi Inayoanzia Moja

…na kidole gumba changu kinagusa uzi, uzi, mbona kuna uzi hapa, futi haina uzi mwishoni, futi ina kile kibati chake kidogo kinachong'aa, lakini hapa chini ya gumba pana upindo, umeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono midogo midogo ya mkono, na huo mkono naujua, Mungu wangu, huo mkono nimeuona ukishona tangu sijajua kutembea… "Refa, inafika ama haifiki?" ni Kui anauliza, amesimama upande wa pili wa meza, mikono kiunoni, farasi wake sita wa bati wamepangwa ukingoni mwa kilima cha trei za mayai, na mbele yao mzinga wa Maxwell, mzinga mmoja tu uliobaki, farasi wakiufikia Kui ameshinda, wasipoufikia utawalipua na Maxwell ameshinda, ndiyo fainali nzima hiyo, siku mbili za mashindano zimeingia kwenye hako kanafasi kati ya pua ya farasi na gurudumu la mzinga, na sheria ya klabu yetu ya vita vya mezani inasema farasi hukimbia inchi kumi na mbili, si zaidi, na mimi refa nimepiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa, Kileleshwa, kwa sababu meza tulizopewa ni zile fupi za watoto wa Sunday school, nimenyoosha futi, na futi inasema kumi na mbili na nusu, haifiki, neno lilikuwa tayari mdomoni, haifiki, nilikuwa nishavuta pumzi ya kulisema, ndipo gumba likagusa uzi.

Usiangalie, Selpher, ukiangalia watajua kuna kitu, shusha macho tu, kichwa kibaki hapo hapo… moja. Nambari ya kwanza ni moja, imekaa pale pale mwanzoni kwenye upindo, mahali ambapo hapatakiwi kuwa na nambari yoyote, inchi ya kwanza nzima haipo, imekatwa, na mimi najua imekatwa, hiyo ndiyo inayoniua, si kwamba nimegundua kitu kipya, nimekumbuka tu kitu ambacho nimekijua maisha yangu yote, kwamba futi ya mama inaanzia moja. Kibati kiling'oka nikiwa darasa la nne, kitambaa kikaanza kuchanika nyuzi nyuzi, mama akachukua mkasi akakata inchi ya kwanza yote kwa sababu hapendi kitu kilichochanika, akapinda, akashona, akasema hii bado ni nzima, tutakuwa tunatoa moja, na tangu siku hiyo kibandani kwake pale Satellite hilo limekuwa kama salamu, kila msichana anayekuja kujifunza ushonaji jambo la kwanza anaambiwa si jinsi ya kuingiza uzi kwenye sindano, anaambiwa kwa hii futi unatoa moja, ukisoma thelathini na nne andika thelathini na tatu, na mama mwenyewe hata hasemi, mkono wake unatoa moja wenyewe, anapima kiuno cha mtu huku anaongea habari za mazishi ya jirani na anaandika nambari iliyo sawa. Na mimi nimekulia hapo, nimelala chini ya hiyo meza nikiwa mdogo, nimechapwa na hiyo futi, halafu Ijumaa naichukua juu ya cherehani bila kufikiri, kwa sababu futi ya chuma ya klabu imekwama ndani ya kasha lake na haitoki hata ukiivuta kwa meno, na mwenyekiti Wahome ameniambia kwa simu, haina shida Selpher, leta yoyote, futi ni futi. Futi ni futi! Mama hakuwa nyumbani, alikuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, angekuwepo angenipigia kelele kutoka jikoni, we mwana, toa moja, angenipigia kelele hadi mtaa usikie, lakini hakuwepo, na mimi nikaitia mfukoni.

"Wacheni apime, jamani, msimharakishe," hiyo ni sauti ya Wahome nyuma yangu, sauti ya mwalimu mstaafu, tamu kabisa, lakini mimi naijua, ndiyo sauti iliyosema mwezi wa pili kwenye kikao cha klabu kwamba hana neno na mwanamke kuchezesha fainali, ila tu tusije tukajilaumu baadaye, na watu wakacheka, na mimi nikacheka pia, aki ya Mungu nilicheka… na kwa hivyo inchi kumi na mbili na nusu ni inchi kumi na moja na nusu, na farasi wa Kui wanafika, wanafika na nafasi inabaki, sema basi, sema wanafika, toa moja kama mama, kimya kimya, nani atajua, mimi ndiye nimeshika hiki kichwa cha futi kwa gumba na hakuna anayeona, naweza kusema kumi na moja na nusu, inafika, Kui arushe mikono juu, Maxwell atie mzinga wake kwenye sanduku, nikunje futi, nirudi nyumbani, niirudishe juu ya cherehani na nisiiguse tena hadi nizeeke. Hapo fainali itakuwa sawa. Fainali itakuwa ya haki kabisa. Halafu jana. Jana, Selpher, jana utaitia mfuko gani?

Kwa sababu nimeitumia mara tatu tu hii futi, namshukuru Mungu ni tatu, wachezaji hupima wenyewe kwa vile vijiti vya inchi kumi na mbili tulivyokata wote siku moja kwa ile futi ya chuma, refa haitwi mpaka watu wawili wakatae kukubaliana, mara ya kwanza ilikuwa jana asubuhi, Makau na Ndambuki, na wale hata ungewapimia kwa hatua za kuku jibu lingekuwa lile lile, walikuwa mbali kama Limuru na Lamu, mara ya tatu ni hii, na ya pili… ya pili ni Muchiri. Nusu fainali, jana saa kumi na moja jioni, meza hii hii, Muchiri na Maxwell, mzinga wa Muchiri unapiga inchi ishirini na nne, na mbele yake bendera ya Maxwell, Muchiri ameweka vijiti viwili, kimoja mbele ya kingine, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, na akasema inagusa, Maxwell akasema cha kwanza kimesogea, hakijasogea, kimesogea, nikaitwa. Nikapiga magoti. Nikanyoosha futi ya mama. Ishirini na nne na nusu. Nikasema haifiki, kwa sauti ile ya refa niliyoifanyia mazoezi nikioga, na ilikuwa inafika! Ilikuwa ishirini na tatu na nusu, ilikuwa inafika wazi, bendera ilikuwa yake, fainali ilikuwa yake, leo aliyepaswa kusimama pale alipo Maxwell ni Muchiri.

Na aliniuliza. Woi, mbona nimelikumbuka hili, aliniuliza kwa upole, ameinama karibu nami ili wengine wasisikie, akasema, "Refa, samahani, hiyo futi inaanzia wapi?" Na mimi nilidhani… sijui nilidhani nini, nilidhani ndiyo hii imekuja, ile niliyokuwa naingoja tangu asubuhi, mwanamume wa kuniambia sijui kupima, nikamjibu mbele ya watu wote, wewe Muchiri unataka kunifunza kupima? Na watu wakafanya uuuui, na Wahome akapiga makofi mara moja, na mimi nikahisi nimekua mrefu, mpumbavu mimi, nikahisi leo wameniheshimu. Muchiri akanyoosha mgongo. Akasema, "Sawa, refa." Akatia sahihi kwenye karatasi ya matokeo, jina lote, Peter Muchiri, herufi zake zile za kulala, akampa Maxwell mkono, akaanza kupanga askari wake mmoja mmoja kwenye boksi la viatu, wale askari anaowatengeneza kwa waya wa kuunganishia redio na vizibo vya soda, miaka mitatu anawatengeneza, kila mmoja ana uso wake.

Huyo mtu anauza hadwea, Selpher. Pale Kinoo, kando ya barabara kubwa, kutoka asubuhi hadi jioni kazi yake ni kukatia watu nyaya na mipira ya maji, mita tatu, futi kumi, inchi sita, huyo akiangalia kamba tu anakuambia urefu wake, huyo aliona. Si kwamba alishuku, aliona, alisoma moja pale mwanzoni kabla mimi sijamaliza kunyoosha, ndiyo maana hakuuliza ni ngapi, aliuliza inaanzia wapi. Na hakusema neno lingine, kwa nini, kwa sababu gani, kwa sababu ya kanuni ya saba, hiyo hapo imebandikwa mlangoni, nimeichapa mimi mwenyewe ofisini kwa mawakili wakati wa chakula cha mchana, karatasi ya ofisi, wino wa ofisi, baada ya fujo za mwaka jana Ndambuki alipopindua meza na kilima kikavunjika, nikasema hii klabu bila sheria itakufa, nikaandika, kanuni ya saba, futi ya refa ndiyo ya mwisho, na haibishaniwi, na atakayebisha anatoka. Nilijivunia hiyo kanuni. Nilimsomea mama. Mama akasema, mh, na refa akikosea? Nikamwambia mama hiyo ni ya ushonaji, hii ni mashindano.

"Refa?" Maxwell sasa. Sauti yake imekonda. Sitaki kumwangalia, Maxwell ni mtoto wa mama mdogo, na kwetu huyo haitwi binamu, huyo ni kaka yangu, tumelala kitanda kimoja likizo za Desemba kule Vihiga, mimi ndiye nilimleta kwenye klabu, na kila mtu humu ndani anajua. Kama ingekuwa futi mbovu tu, watu wangecheka, wangenitania mwaka mzima, refa wa futi kipande, ningevumilia, kuteleza si kuanguka, lakini angalia jinsi imekaa, futi imekosea mara mbili na mara zote mbili imekosea upande wa Maxwell, jana imemtoa Muchiri na leo nusura imtoe Kui, na Muchiri ni wa nani, na Kui ni wa nani, na Maxwell ni wa nani na refa ni wa nani, hakuna atakayetamka neno kabila hapa ukumbini, hapa wote ni wastaarabu, wataenda kulitamka kwenye gari, watalitamka kwenye chai, mtu wao alibeba mtu wao, tulisema, na itabaki hivyo hata nikiapa nimeshika Biblia iliyo hapo juu ya piano. Nani ataamini nilisahau? Binti wa fundi cherehani amesahau futi ya mamake? Mimi mwenyewe ningeamini? Ningekuwa Wahome ningecheka. Siku za mwizi ni arobaini, wangesema, na mimi sijaiba kitu, sijaiba, lakini angalia gumba langu, bado linaficha upindo kama la mwizi, shika vizuri, ukiangusha farasi hata mmoja watasema umefanya makusudi.

Upande wa pili wa ukuta kwaya inafanya mazoezi, wako kwenye mstari mmoja tangu nipige magoti, sauti ya tatu inakosea, mwalimu anapiga meza, wanarudia, sauti ya tatu inakosea pale pale, na mimi natamani kucheka, na nikicheka sasa nitalia. Saa kumi na robo. Saa kumi na moja vijana wa kanisa wanataka ukumbi wao. Pasipoti. Mbona nafikiria pasipoti… kwa sababu Alhamisi alinionyesha, Muchiri, alikuja hadi mjini na boda, kaja kuchukua vibao vya majina vya meza, akasimama pale mapokezi kwangu na kofia yake mkononi, mawakili wanapita wanamwangalia viatu, akatoa kitu kimefungwa kwa nailoni mara mbili, akafungua, pasipoti, mpya, hata haijafunguka vizuri, na ndani yake kadi ya manjano ya chanjo, kwa sababu atakayeshinda hapa ndiye anaenda Kampala mwezi ujao kuchezea klabu, mara ya kwanza tangu klabu ianze, mtu mmoja tu. Nikamwambia, Muchiri, na hujashinda bado! Akacheka, meno yote, akasema, "Najua, madam, lakini nikishinda na sina hii, nitafanyaje?" Hajawahi kuvuka Malaba. Hajawahi kufika hata Malaba. Alisema akifika kule jambo la kwanza atampigia babake Kinoo aseme niko ng'ambo. Na chanjo ilimpa homa siku mbili, alisema, bega likavimba. Hilo bega, Selpher. Alichomwa sindano kwa ajili ya hayo mashindano na wewe ukamwambia unataka kunifunza kupima.

Hataenda popote, hiyo pasipoti itakaa kwenye nailoni. Naogopa. Acha niseme tu hapa kichwani ambapo hakuna anayesikia, naogopa, naogopa Wahome, naogopa kile kicheko cha mwezi wa pili kikirudi, naogopa uso wa Maxwell, naogopa kesho mtu akiandika kwenye kundi la simu na watu arobaini wasome, naogopa kwamba hiki ndicho kitu pekee nilichowahi kusimamia, pale ofisini nasema karibu, subiri hapo, wakili anakuja, miaka sita, na humu kwa siku hizi mbili watu wazima wananiita refa na wananingoja mimi ndio wajue ni nini kimetokea. Nikiinua hiki kidole, hilo limekwisha. Na nisipokiinua… nisipokiinua hakuna kinachotokea, hapo ndipo ubaya ulipo, ni rahisi, toa moja, inafika, Kui kashinda, Maxwell kashindwa, na hata lawama za ndugu zinakufa hapo hapo, angalia, refa amemfunga kaka yake, refa ni wa haki kama nini, nitatoka hapa nikiwa na sifa! Nitapigiwa makofi kwa futi iliyomwibia Muchiri. Na atakayejua ni mimi. Mimi na…

Yuko hapa. Nilimwona akiingia saa nane na nikajifanya sijamwona, amekaa kwenye benchi la mwisho kando ya mlango, chini ya hiyo kanuni ya saba, shati jeupe la Jumapili, vijiti vyake viwili vimelala benchini kando yake, kikombe cha chai juu ya goti, na tangu saa nane nimekuwa nikihisi macho yake mgongoni, nikadhani ni mimi tu, nikadhani ni kwa sababu nilimjibu vibaya jana, lakini sasa najua anaangalia nini, haangalii mimi, anaangalia mkono wangu. Anangoja. Bila shaka anangoja, kwa nini mtu aliyeshindwa atoke Kinoo siku ya Jumapili aje akae kwenye benchi kutazama wengine wakicheza, amekuja kuniona nikirudia, amekuja na ushahidi, ataacha niseme, halafu atasimama, ataniambia mbele ya watu wote, kama nilivyomwambia mbele ya watu wote, refa, inua kidole tuone. Na atakuwa na haki. Heri aseme sasa. Sema basi, Muchiri, nimalizie, simama useme, ili nisiwe mimi… nageuza kichwa. Polepole, kama mtu anayenyoosha shingo. Makau anatafuna njugu. Wahome ametazama saa yake. Na nyuma yao wote, kando ya mlango, Muchiri, na macho yetu yanakutana, na haonekani na hasira hata kidogo, anaonekana na wasiwasi, ana wasiwasi kama mtu anayemtazama mtoto wake akisoma shairi mbele ya shule na anaogopa atasahau, na mkono wake mmoja umeshika kikombe, na ule mwingine uko juu ya paja, chini, mahali ambapo hakuna mwingine anayeweza kuona, na ameinua kidole.

Kimoja. Ananionyesha kidole kimoja, anakishusha kidogo, anakiinua tena, kimoja, na midomo inasema bila sauti, na sihitaji kuisikia, nimeisikia nikiwa chini ya meza ya mama tangu darasa la nne. Toa moja. Hakuja kunishika! Ametoka Kinoo, amevaa shati la Jumapili, amekaa saa mbili na dakika kumi na tano kwenye benchi la watoto, ili ikifika wakati nisikosee tena, na ikifika wakati nisiaibike. Amekuja kunificha. Jana alijua bendera ni yake na akatia sahihi, na leo amekuja kulinda fainali ambayo si yake na refa aliyemtukana, na akishamaliza atakunywa chai yake na kurudi kwenye nyaya zake, na hatamwambia mtu yeyote, namjua, hata babake hatamwambia. Mungu wangu, Muchiri, shusha hicho kidole. Heri ungesimama ukanitukana. Hilo nilikuwa nimejitayarishia, tangu mwezi wa pili nimejitayarishia mtu kunitukana, hili sijui nilipokee vipi.

"Refa, tunakungoja wewe," Wahome, na utamu umeanza kupungua. Kwaya imerudi kwenye ule mstari. Mama aliwahi kuulizwa na mteja mbona hanunui futi mpya, futi ni shilingi ngapi, na mama akacheka akasema hii haijawahi kumbana mtu, na ni kweli, kwa sababu msichana akisahau kutoa moja nguo inatoka pana kwa inchi moja, na pana haina ubaya, pana unaingiza ndani, unapiga cherehani, mtu anaenda zake, mama alisema kubwa hupunguzwa, ndogo utaiunganisha na nini? Ndiyo maana nyumbani kwetu hii futi haikutisha mtu. Kosa lake lilikuwa linampa mtu nafasi ya kupumua. Jana mara ya kwanza tangu ikatwe ilimpunguzia mtu, na aliyeishika mkononi nilikuwa mimi, na huyo mtu yuko pale ananionyesha kidole ili niunganishe ya Kui na ya kwake niiache fupi vile vile.

Bado naogopa. Nilidhani ukishaamua woga unaondoka, hauondoki, uko hapa hapa, lakini umegeuka kidogo, dakika mbili zilizopita nilikuwa naogopa kwamba watajua, na sasa naogopa kwamba nitakunja hii futi na hakuna atakayejua, nitazeeka nikiitwa refa, na kila mwaka Muchiri atakuja na boksi lake la viatu na kuniamkia vizuri. Hicho ndicho kinachonitisha. Mficha uchi hazai, mama angesema, na angeongeza, inuka, magoti yako yanachafua gauni. Farasi wa Kui bado wako pale pale, pua mbele, inchi kumi na moja na nusu. Mzinga wa Maxwell bado uko pale pale. Maxwell anauma mdomo kama alivyokuwa akiuma tukiwa Vihiga na deni la kusema ukweli kwa bibi, pole, kaka yangu, itabidi ucheze tena, na safari hii huenda ukashindwa, na Kui, pole, utangoja. Kidole cha Muchiri bado kiko juu, kule nyuma, kinanibembeleza. Natikisa kichwa, kidogo tu, kwake peke yake, hapana. Halafu nainua gumba, upindo wa mama unabaki wazi juu ya meza, uzi mwekundu na ile moja, mtu yeyote anayetaka kuona aone.

"Muchiri," nasema, na sauti inatoka kubwa kuliko nilivyopanga, hadi Makau anaacha kutafuna, "njoo hapa na vile vijiti vyako viwili. Na ukipita hapo mlangoni, nibandulie hiyo kanuni ya saba."